Maji Yalitoka Safi Mferejini, Yaliharibikia Wapi?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya umepanda ngazi. Tumepanda ngazi za jengo moja la Michenzani, mjini Unguja, mpaka orofa ya nne, tukipishana na vijana wawili wenye madumu begani na msichana wa skuli mwenye ndoo kichwani. Ndoo ile haikuwa na kifuniko. Juu ya maji kulikuwa kunaelea mfuko wa nailoni ili yasimwagike, na kila baada ya hatua chache msichana aliinua mkono akausukuma mfuko urudi katikati.

Tulikwenda huko kwa sababu ya mama mmoja ambaye jina lake tunalihifadhi. Mwanawe wa mwisho, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameharisha mara tatu tangu masika yaanze. Mara ya tatu alipelekwa hospitali akiwa amelegea, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Alipona, tunashukuru. Lakini mama yake alikutana nasi akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa juu yetu.

“Nyinyi kila siku mnatuambia tuchemshe maji,” alisema. “Mimi nachemsha. Mkaa unaniishia kwa kuchemsha. Mbona mwanangu anaharisha?”

Hatukuwa na jibu la haraka, na tunakiri kwamba katika mafundisho mengi ya afya, yetu yakiwemo, neno “chemsha” husemwa kisha mwalimu akafunga daftari lake. Basi tulimwomba mama huyu ruhusa ya kuyafuata maji yake, tangu yanapochotwa mpaka yanapoingia kinywani mwa mtoto.

Kabla ya kuingia jikoni mwake, inafaa msomaji wa mbali apajue mahali penyewe. Michenzani maana yake ni penye michenza, ile miti ya machenza, ingawa leo anayekwenda huko hataona michenza bali majengo marefu kama treni yaliyosimama pande nne za mzunguko mmoja wa barabara, katika eneo la Ng'ambo. Yalijengwa zaidi katika miaka ya 1970, baada ya Mapinduzi ya 1964, ili familia zilizokuwa zikiishi katika nyumba za udongo na makuti zipate nyumba za kisasa zenye umeme, choo cha ndani na maji ya bomba. Watu wa Unguja bomba la kufungulia maji huliita mfereji, nasi humu tutaliita hivyo hivyo.

Mfereji ndani ya nyumba ulikuwa jambo kubwa. Shida ni kwamba maji hayapandi ngazi kwa hiari yake. Yanahitaji nguvu ya kuyasukuma, na kwa miaka mingi nguvu hiyo haikufika orofa za juu. Wakaazi walizoea kuyafuata maji chini na kuyapandisha kwa mikono, au kuyangoja usiku wa manane yanapojikokota. Tena pampu za visima hutegemea umeme, na umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 kikakaa gizani miezi mitatu. Waliokuwapo wanakumbuka kwamba giza lilivumilika kuliko ukame wa mifereji. Madumu yakawa mali. Visima vya zamani vilivyokuwa vimesahauliwa vikarudiwa, hata vile ambavyo kila mtu alijua vimechimbwa karibu na makaro ya vyoo.

Hali ya namna hiyo humfundisha mtu jambo moja: maji yakija, weka akiba. Jaza pipa, jaza ndoo, jaza beseni, jaza hata sufuria la pilau. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa hilo, maana mwenye watoto sita hawezi kungojea mfereji uamue. Lakini maji ya akiba yana maisha yake, na ndani ya maisha hayo ndimo maradhi yanamopenyea.

Tuanze na safari ya maji yenyewe. Kisiwa cha Unguja sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, jiwe lenye matundu na nyufa. Mvua huingia humo upesi, na pamoja na mvua huingia kila kilichoachwa juu ya ardhi na kila kinachovuja kutoka shimo la choo. Ndiyo sababu kisima kifupi katikati ya mitaa si cha kuaminiwa, hata maji yake yawe maangavu kama bilauri. Watawala wa zamani walilijua hili kwa njia yao. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya chemchemi kwa mabomba kutoka upande wa kaskazini ya mji, ili wasitegemee visima vya mjini tu.

Alikuwa na sababu nzuri. Kipindupindu kilikuwa kimeipiga Unguja mara kadhaa katika karne ile, na mripuko wa 1869 na 1870 uliua watu wengi sana. Tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1876, akifuata jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara na majahazi. Katika zama zetu kipindupindu kilirudi Zanzibar mwaka 1978, katika kijiji cha wavuvi, kikashika watu 411 na kuua 51. Tangu hapo kimekuja na kuondoka, na mara nyingi huja mvua zinapoanza. Mwaka 2009 watu wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa, ikasaidia kweli. Hata hivyo, mripuko ulioanza 2015 na kuendelea 2016 ulishika watu zaidi ya 4,000 visiwani na kuua zaidi ya 60. Wengi wetu tunakumbuka mwaka huo wa 2016: skuli zilifungwa, na wauza juisi na vyakula vya barabarani wakaamriwa wakunje meza zao.

Maji ya mfereji basi ni afadhali kuliko ya kisima cha mtaani. Lakini nayo yana hila yake, na tunaomba msomaji aifahamu vizuri. Bomba likijaa maji yenye nguvu, hata likiwa na tundu, maji hutoka nje na uchafu hauwezi kuingia. Yakikatika, bomba hubaki tupu chini ya ardhi, na tundu lile lile sasa hufyonza tope na maji ya karo yaliyo kando yake. Maji yakirudi, yale ya kwanza kabisa hubeba uchafu huo wote. Sasa fikiria: baada ya siku mbili bila maji, mfereji unakohoa, na kila mwenye nyumba anakimbilia ndoo ya kunywa! Anayakinga maji mabaya kuliko yote ya wiki. Yaacheni yale ya mwanzo yawe ya kufulia na kupigia deki, mpaka yatoke maangavu, ndipo mkinge ya kunywa.

Mama wa orofa ya nne alikuwa akifanya hivyo tayari. Maji yake aliyakinga katika mfereji wa chini, akayangojea yawe safi, akayapandisha. Akayachemsha kwenye sufuria kubwa. Mpaka hapo hatukupata la kumkosoa. Kisha akayamimina kwenye ndoo nyeupe ya plastiki iliyokuwa pembeni mwa jiko, ndoo yenye mdomo mpana kama karai, akaifunika kwa sahani ya bati. Juu ya sahani aliweka kopo.

Tulikaa kama saa moja tukizungumza. Katika saa hiyo kijana wake mkubwa aliingia kutoka mpirani, akachota kwa kopo, akanywa, akalirudisha. Jirani akaja kuazima maji ya kunywea dawa, naye akachota. Halafu yule mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mgonjwa, akatambaa mpaka kwenye ndoo, akajiinua kwa kuushika ukingo, akaisukuma sahani, akatia mkono ndani ya maji mpaka kiwiko. Akacheka. Mama yake naye akacheka, kisha akanyamaza, akatutazama.

Hakuna aliyesema neno. Mkono ule ulikuwa umetoka sakafuni, na sakafuni mtoto wa umri ule hufanya kila kitu, haja zake zikiwemo.

Mwaka 2004 watafiti watatu, Jim Wright, Stephen Gundry na Ronan Conroy, walichapisha kazi ambayo ilitufungua macho tuliposoma habari zake. Walikusanya tafiti 57 zilizofanywa katika nchi zinazoendelea, ambamo maji yalipimwa mara mbili: pale yanapochotwa, na pale yanaponywewa nyumbani. Mahali pengi maji ya nyumbani yalikuwa machafu zaidi kuliko ya chanzoni. Tena tofauti ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo chanzo chenyewe kilikuwa safi. Maana yake, akina mama, ni kwamba mtu anaweza kwenda mbali, akalipa pesa, akapata maji mazuri, akayaharibu mwenyewe kati ya ndoo na kikombe.

Na maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote ndani yake. Moto umeua vijidudu vilivyokuwamo. Hauwezi kuua vitakavyoingia jioni. Kidole kimoja kikiingia, kazi yote ya mkaa imekwisha.

Hapa tunawakumbuka bibi zetu. Mtungi wa udongo ulikuwa na mdomo mwembamba, mkono wa mtoto haukupita kwa urahisi. Ulikuwa na kifuniko chake. Kata ya kifuu ilikuwa na mpini mrefu, na ilitundikwa ukutani, haikulala juu ya meza wala chini. Mtoto aliyenywa kwa kuweka mdomo kwenye kata ya kuchotea alipigwa kofi. Bibi hakujua habari za bakteria, lakini kata yake ilikuwa na adabu kuliko kopo letu. Kulikuwa pia na desturi ya kuufukiza mtungi kwa ubani. Maji hunukia vizuri sana, nasi hatuna ugomvi na desturi hiyo, ila ijulikane kwamba harufu ya ubani haiui kipindupindu.

Sasa tuseme lililo la kufanya, tukianza na chombo, maana huko ndiko tulikokosea siku zote kwa kukuweka mwisho.

Chombo kizuri cha maji ya kunywa ni kile ambacho mkono hauwezi kuingia. Dumu la lita 10 au 20 lenye mdomo mdogo na kizibo chake latosha, kwani maji humiminwa, hayachotwi. Kizuri zaidi ni ndoo yenye kifuniko cha kubana, iliyotiwa koki chini, karibu na kitako. Fundi wa mabomba yeyote aweza kuitoboa ndoo na kuifunga koki na mpira wake kwa muda mfupi. Iwekwe juu ya kiti au meza, ikombe chini ya koki, na kifuniko kisifunguliwe mpaka siku ya kuiosha. Asiyeweza kupata koki, basi atumie kata au kijiko kikubwa chenye mpini mrefu, kitundikwe msumarini juu ya watoto, na pasiwe na mtu anayekinywea. Madumu yaliyokuwa na rangi, dawa ya wadudu au mafuta ya gari yasitumike hata yakioshwa mara mia.

Dumu lina kasoro moja: ndani halifikiki. Ukilichungulia utaona utando wa kijani au utelezi ukutani mwake, na humo vijidudu hujificha. Tia maji kidogo, sabuni, na vijiwe vidogo safi au mchanga mkavu uliooshwa, funga kizibo, litikise kwa nguvu mpaka mikono ichoke, kisha suuza mara kadhaa. Kazi hii wape vijana wa kiume, wana nguvu na mara nyingi hawana la kufanya Jumamosi asubuhi. Ifanyike kila wiki. Tangi la plastiki au pipa kubwa lisafishwe walau kabla ya masika na kabla ya vuli, na lisikose kifuniko, maana mbu nao hutaga humo.

Tukija kwenye kuchemsha, tuna habari njema kwa wanaonunua mkaa. Wengi tulifundishwa kwamba maji lazima yachemke dakika 10, wengine 20. Si lazima. Vijidudu vya kuharisha hufa hata kabla ya maji kufika kuchemka. Yakishatokota kwelikweli, mapovu makubwa yakipanda juu, dakika moja yatosha huku kwetu pwani. Walio milimani sana, zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari, wangoje dakika 3. Yakiisha, yaache yapoe ndani ya sufuria ile ile ikiwa imefunikwa, kisha yamimine moja kwa moja kwenye chombo chake. Usiyapooze kwa kuyahamisha huku na huku kama chai.

Maji ya tope yatulizwe kwanza usiku mmoja, kisha yachujwe kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara 4 au zaidi. Kanga ya zamani iliyolainika yafaa, ikiwa safi na haina kazi nyingine. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji ya madimbwi kwa sari kuukuu vilipunguza kipindupindu karibu nusu, kwa kuwa vijidudu vyake hupenda kujishikiza kwenye wadudu wadogo sana wa majini, na kitambaa huwanasa hao. Shabu na mbegu za mlonge husaidia tope kutuama. Lakini hakuna kati ya hivi kinachoyafanya maji yawe salama peke yake. Ni maandalizi tu ya moto au dawa.

Dawa tunayoisema ni ile ya klorini, inayouzwa madukani na kwenye maduka ya dawa kama vidonge au maji, kwa majina kama WaterGuard na Aquatabs. Tunaipenda kwa sababu moja ambayo moto hauna: hubaki ndani ya maji ikilinda kwa muda baada ya kutiwa. Someni maandishi ya pakiti, kwani kidonge kimoja cha namna fulani ni cha lita 20 na kingine ni cha lita chache tu. Koroga, funika, ngoja nusu saa. Maji ya tope huimaliza nguvu dawa, ndiyo maana tumesema yachujwe kwanza. Kuna wanaolalamikia harufu. Ni kweli ipo, na hupungua maji yakikaa. Ila tunawasihi wasiotaka kununua dawa wasikimbilie kukisia kwa dawa za kufulia nguo, hasa zile zenye rangi au manukato; hizo hazikutengenezwa ziingie tumboni.

Na kwa asiye na mkaa wala pesa ya kidonge kuna jua, ambalo Unguja halinunuliwi. Mwanzo wa habari hii ni Profesa Aftim Acra na wenzake wa chuo kikuu cha Beirut, huko Lebanon, karibu na mwaka 1980. Waligundua kwamba maji maangavu yakiwekwa juani ndani ya chombo kinachopenya mwanga, vijidudu hufa. Baadaye Conroy, yule yule tuliyemtaja, pamoja na wenzake wakajaribu kwa watoto wa Wamasai wa Kajiado, nchini Kenya. Familia nyingine ziliweka chupa za plastiki juu ya paa juani, nyingine zikaziweka ndani. Mwaka 1996 walitangaza kwamba watoto wa chupa za juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Kisha kipindupindu kikaingia eneo hilo, na kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, 3 tu ndio walioshikwa. Kati ya 144 waliokunywa maji yasiyoanikwa walishikwa 20.

Namna yake ni nyepesi. Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizokwaruzika, zisizozidi lita 2. Ondoa karatasi lake, osha, jaza maji maangavu, funga, ilaze juani tangu asubuhi kwa saa 6. Siku ya mawingu yaache siku 2 nzima, na siku za mvua ya mfululizo usitegemee jua. Kujua kama maji ni maangavu vya kutosha, simamisha chupa juu ya gazeti. Ukiweza kusoma vichwa vya habari ukichungulia kutoka juu mpaka kitakoni, yanafaa. Uzuri mwingine ni kwamba maji hunywewa kutoka chupa ile ile, kwa hiyo hakuna ndoo wala kopo la kuyaharibu. Vibaraza vya Michenzani, ambavyo kwa sasa huanika nguo, vinapata jua.

Chumvi ni mambo mengine. Visima vingi vya karibu na pwani vimeanza kuwa na chumvi kwa sababu bahari hupenya chini maji matamu yanapovutwa mno. Moto, dawa na jua haviondoi chumvi. Hapo dawa ni kutafuta maji mengine.

Tungependa pia kusema neno juu ya barafu. Kuganda hakuui vijidudu, hulala tu wakingoja kuamka tumboni. Watoto wa majengo yale hununua barafu za ukwaju na ubuyu kutoka kwa majirani wenye friji, na mara nyingi maji yake hutoka mferejini moja kwa moja. Na wenye kubeba bilauri za wageni, sisi sote tunaona haya kulisema, lakini vidole vitatu ndani ya ukingo wa bilauri si heshima kwa mgeni. Shikeni chini. Kwenye mikutano yetu ya jumuiya ndogondogo pia, kikombe kimoja kinachozunguka ndoo moja kimezoeleka mno.

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe maji kabisa, hata yawe yamechemshwa, hata joto liwe la Januari. Ziwa la mama lina maji yote anayohitaji. Tunajua bibi wengi watatushangaa.

Mtoto akiharisha, hatari inayoua ni kukaukiwa na maji mwilini. Mpeni mchanganyiko wa paketi wa maji ya chumvichumvi kutoka kituo cha afya. Usipopatikana, chukueni lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Onjeni: isiwe na chumvi kuliko machozi. Apewe kidogo kidogo kwa kijiko baada ya kila kuharisha, aendelee kunyonya na kula, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Dafu ni zuri lakini halina chumvi ya kutosha, lisishike nafasi ya mchanganyiko huu. Kituoni ombeni pia vidonge vya zinki, ambavyo mtoto hupewa siku 10 hadi 14, hata kama ameshaacha kuharisha. Kama kinyesi ni kama maji yaliyooshewa mchele, au kina damu, au mtoto amelegea, hanywi, ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi, asingojwe mpaka asubuhi.

Wiki sita baadaye tulipanda tena ngazi zile. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, na kabla hatujaketi mama alituonyesha ndoo yake juu ya kigoda kirefu, koki ikitazama dirishani, kopo limetundikwa msumarini. Fundi alikuwa jirani wa orofa ya pili, alimtoza bei ya koki tu. Mtoto alikuwa hajaharisha tena tangu tuondoke. Alikuwa anajifunza kusimama, akiishikilia miguu ya kigoda, na mkono wake haufiki juu.

Kisha mama akatushusha orofa moja, kwa jirani yake muuza barafu za ukwaju, ili tumweleze na yeye. Jirani alitusikiliza vizuri. Akauliza ni nani atakayemlipia mkaa wa kuchemsha lita 20 kila siku, kwa barafu ambayo watoto hununua kwa senti zao za mwisho. Tulifanya hesabu pamoja naye ukutani kwa kipande cha mkaa, tukaona kidonge kimoja cha lita 20 kinamgharimu chini ya bei ya barafu chache. Alikuna kichwa. Alisema anahofia ukwaju utanuka dawa na wateja watakimbia. Tulimwachia vidonge 10 ajaribu, atie dawa jioni na achanganye ukwaju asubuhi harufu ikishapungua. Ametuambia tupite Jumamosi tukaonje wenyewe.